Ramani za mtandaoni zisimpeleke mgeni wa Lamu hadi Hispania

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ramani za viwanja vya ndege zinazowekwa mtandaoni na mahoteli, mawakala wa safari, ofisi za umma na vijana wanaojifunza programu hapa Pwani. Kuongezeka kwake ni jambo la heri. Ila makosa yanajirudia yaleyale, na hayaletwi na uhaba wa fedha. Watu hukimbilia rangi na vitufe kabla hawajaisafisha data, kisha siku ya uzinduzi uwanja wa Manda, ule wa wageni wa Lamu, unaonekana porini, au hauonekani kabisa. Ofisi inaweza kulipa mamilioni kwa mfumo mzito, ilhali ukurasa mmoja wa HTML, faili moja ya JavaScript na faili moja ya data zingeifanya kazi hiyohiyo na simu ya bei ya chini ikaifungua bila kusitasita.

Data yenyewe ni ya bure. Wengi huichukua OurAirports, orodha ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2007 na inayotolewa upya kila siku kwa faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Ni mali ya umma, kwa hiyo hata mwenye biashara anaruhusiwa kuitumia. Faili ya viwanja, airports.csv, ina mistari zaidi ya 70,000 ya dunia nzima na uzito unaozidi megabaiti 10. Ukiiachia yote kwenye ukurasa bila kuibana, mtu wa Kizingitini mwenye mtandao wa megabiti moja kwa sekunde atangoja zaidi ya sekunde 80 kabla ya kuona nukta ya kwanza, na bando lake ndilo hilo limekwenda. Uchujaji ufanyike mapema kwenye kompyuta ya fundi, usisukumiwe simu ya msomaji. Baki na mistari yenye KE katika safu ya iso_country, pamoja na TZ na SO ukitaka majirani. Ondoa ile ya aina ya closed, yaani viwanja vilivyofungwa. Kisha tupa safu usizozihitaji na ukate desimali za latitudo na longitudo zibaki tano. Desimali ya tano ni kama mita moja ardhini, na hakuna msafiri anayetaka zaidi ya hapo. Kitakachobaki hakifiki megabaiti moja.

Hapo kwenye kuchuja kuna mitego. Majina mengine yana mkato ndani yake, hivyo ukiikata mistari kwa kila mkato badala ya kutumia kisomaji halali cha CSV, safu zinasogea na longitudo inaangukia kwenye safu ya kimo. Wanaotumia lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya majedwali, pandas, wajihadhari na herufi NA: ni alama ya nchi ya Namibia na pia ya bara la Amerika Kaskazini, lakini pandas huzichukulia kuwa nafasi tupu. Mwenye kuchora ramani ya Afrika nzima hupoteza Namibia kimyakimya, na programu haimpi onyo lolote. Dawa ni kuandika keep_default_na=False wakati wa kuifungua faili.

Wengine hutumia msimbo wa herufi tatu wa IATA, ule unaoandikwa kwenye tikiti, kuwa kitambulisho cha kila uwanja. Kwa Manda ni LAU na kwa Malindi ni MYD, na hapo mambo ni shwari. Taabu huanza kwa viwanja vidogo vya mbugani ambavyo havina msimbo huo. Vyote vinapata kitambulisho kitupu, na programu inaviona kuwa kimoja. Tumia safu ya ident, ambayo haina pengo: Manda ni HKLU, Malindi ni HKML, na kiwanja kisicho na msimbo wa kimataifa hupewa namba ya mtindo wa KE-0001.

Kuhusu kaunti, nawasihi wenzangu waende pole. Ukikuta KE-300 kwenye data, hiyo ni alama ya zamani ya Mkoa wa Pwani. Alama za kimataifa za kaunti, za ISO, zimefuata alfabeti, hivyo Kilifi ni KE-14 na Lamu ni KE-21. Namba za serikali yetu zinaanzia Pwani: Mombasa 001, Kilifi 003, Lamu 005. Anayeunganisha majedwali hayo mawili bila kutazama ataupeleka uwanja wa Malindi Bungoma na ule wa Manda Elgeyo-Marakwet. Njia salama ni kuchukua mipaka ya kaunti na kuiacha QGIS, programu ya ramani, iamue kila nukta imo ndani ya kaunti ipi.

Sasa nifike penye maumivu yenyewe, latitudo na longitudo. Manda iko latitudo -2.2525 na longitudo 40.9131. Maktaba ya Leaflet, inayotumiwa na wengi kuchora ramani, inataka latitudo itangulie. Faili ya GeoJSON, inayobeba nukta za ramani, kwa kanuni ya RFC 7946 ya mwaka 2016, inataka longitudo itangulie. Fundi asiyejua tofauti hiyo huipeleka Manda kwenye nyuzi 40.9 kaskazini na 2.25 magharibi, na hapo ni Hispania, kaskazini-mashariki ya Madrid. Malindi inaifuata hukohuko Hispania, Nairobi inazama Bahari ya Mediterania, na Kisumu inatua Algeria. Kwa hiyo ukiifungua ramani yako ukaona Kenya haina nukta hata moja, usianze kufumua programu yote. Vuta ramani nyuma utazame Ulaya.

Kosa hilo angalau linajitangaza. Baya zaidi ni kupotea kwa alama ya kutoa, ile inayoonyesha kusini mwa ikweta, mathalani faili ilipopitia mikononi mwa mtu aliyekuwa akiipamba kwa Excel. Manda inaruka ikweta na kutua kusini mwa El Wak, karibu na mpaka wa Somalia. Kwa kuwa bado iko ndani ya Kenya, hakuna anayeshtuka. Weka ukaguzi rahisi ndani ya programu yako: kila uwanja wa Lamu, Tana River, Kilifi, Mombasa na Kwale lazima uwe na latitudo iliyo chini ya sifuri, na ukikuta mmoja ambao sivyo, kazi isimame hapo. Ukaguzi huohuo ukatae nukta zenye sifuri na sifuri, maana safu tupu ikigeuzwa kuwa namba huitupa nukta Ghuba ya Guinea, baharini kabisa.

Wapo wanaochukua vipimo kutoka kwenye chapisho rasmi la habari za anga la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA. Ni chanzo kizuri kuliko vyote, lakini huandika kwa nyuzi, dakika na sekunde. Nyuzi 2, dakika 15 na sekunde 9 kusini hubadilishwa hivi: 2, kujumlisha 15 gawanya kwa 60, kujumlisha 9 gawanya kwa 3,600, jibu 2.2525, kisha unatanguliza alama ya kutoa. Nyuzi 40, dakika 54 na sekunde 47 mashariki zinakuwa 40.9131. Mwenye haraka huandika tu -2.1509 na 40.5447, na uwanja unahamia zaidi ya kilomita 40 upande wa magharibi, bara kabisa, kaskazini ya Witu.

Ramani za karatasi za zamani nazo zina lao. Nyingi zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, na GPS ya simu inatumia WGS 84. Tofauti baina ya mifumo hiyo hapa kwetu ni kama mita 300. Kwenye kisiwa cha Manda, mita 300 zinatosha kukutoa kwenye njia ya kurukia ndege ukaingia mikokoni. QGIS inabadilisha kwa dakika moja ukiiambia kuwa unatoka EPSG:21037, namba ya Arc 1960, kwenda EPSG:4326, namba ya WGS 84.

Kimo kimeandikwa kwa futi, na jina la safu, elevation_ft, linasema wazi. Hata hivyo ramani zinazoandika mita hazikosekani. Jomo Kenyatta iko futi 5,330. Ukiandika mita 5,330 umeuinua uwanja juu ya kilele cha Mlima Kenya, ambacho ni mita 5,199. Zidisha kwa 0.3048 na yaishe.

Halafu kuna Manda mbili. Uwanja wa abiria uko kisiwani Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Ule wa Manda Bay uko bara na ni wa kijeshi. Ukitafuta kwa jina tu, unaweza kuuchukua wa pili ukamwekea mgeni picha ya ndege ya abiria. Hakikisha ident kabla ya kuweka kitu kwenye ramani ya watalii.

Uchoraji wenyewe hauna makuu. Leaflet toleo la 1.9.4 ina uzito wa kilobaiti kama 40 ikibanwa. Ukurasa ukiwa mweupe, mara nyingi sababu ni kwamba kisanduku cha ramani hakikupewa urefu kwenye CSS, yaani maelekezo ya mwonekano wa ukurasa, kwa hiyo kimo chake ni sifuri. Vipande vya ramani vikitawanyika ovyo ovyo, CSS ya Leaflet haikupakiwa. Ramani ikiwa ndani ya kichupo kilichofichwa, iite invalidateSize kichupo kinapofunguliwa, la sivyo utaona robo ya ramani na kijivu. Na usijaribu ukurasa kwa kubofya faili mara mbili, kwa sababu kivinjari kitaizuia isisome data. Andika python -m http.server 8000 kwenye folda yako, kisha fungua localhost:8000.

Kwa viwanja mia kadhaa, duara za Leaflet ziitwazo circleMarker zinatosha, na uzipe nusu kipenyo cha pikseli 10 hivi, maana mtu anabofya kwa kidole akiwa juani kwenye jeti, yaani gati la boti, hana kipanya. Ukiweka dunia nzima, maelfu ya alama za picha zitaigandisha simu. Baki na duara na uwashe preferCanvas, au tumia nyongeza ya markercluster inayokusanya alama katika mafungu. Kisanduku cha kutafuta kisisome jina pekee. Mgeni huandika Lamu, na uwanja unaitwa Manda; huandika Diani, na uwanja unaitwa Ukunda. Kitafute pia kwenye safu za mji, msimbo na maneno ya ziada, yaani municipality, iata_code na keywords, na pale maneno ya ziada yanapokosekana uyaongeze mwenyewe.

Picha ya ramani iliyo chini ya nukta, ile ya vipande vya pikseli 256 kwa 256, wengi huichukua moja kwa moja kutoka seva za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na wachangiaji. Inaruhusiwa kwa matumizi madogo, kwa sharti kwamba uandike pembeni kuwa data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap, na usipakue vipande kwa wingi. Kupakua kwa wingi hakuna maana hata kihesabu: kiwango cha ukuzaji cha 10 peke yake kina vipande zaidi ya milioni moja kwa dunia nzima. Seva hizo zinaendeshwa kwa michango, na waendeshaji wake huwafungia wanaozielemea. Ofisi yenye wageni wengi itumie faili ya PMTiles, ambayo inabeba ramani yote ya eneo unalolitaka katika faili moja, na kivinjari kinachota kipande kinachohitajika tu. Sharti lake ni seva inayokubali kutoa sehemu ya faili. Ijaribu kwa amri ya curl ukiomba baiti 0 hadi 99: jibu likiwa 206, endelea, likiwa 200, seva inataka kumpa msomaji faili nzima, tafuta nyingine.

Kuna jambo ambalo mafundi wa Nairobi hulisahau, na sisi wa huku hatuna udhuru. Safari ya Lamu haiishii uwanjani. Abiria anashuka Manda, anatembea hadi jeti, anapanda boti kuvuka mkondo. Hakuna daraja. Programu ya kutafuta njia haijui boti ikiwa hakuna aliyeichora. Hufanya nini? Hutafuta barabara iliyo karibu na mwisho wa safari, na kwa kuwa barabara za Manda hazishikani na za bara, ama hukataa kutoa njia au humwelekeza mtu Mokowe, iliyo bara, kana kwamba amefika. Kwenye OpenStreetMap dawa ni kuchora mstari wenye lebo ya route=ferry kutoka jeti ya Manda hadi jeti ya mji, na jeti zenyewe zipewe man_made=pier. Mstari wa boti uishie juu ya nukta ileile ya jeti, na jeti ishike nukta ileile ya njia ya miguu. Ukiishia kando yake, hata kwa nusu mita, kwa macho utaona zimegusana lakini programu itaona bahari. Hili ndilo kosa la kwanza la kuangalia mtu anapolalamika kuwa njia haitoki. Vuta karibu kabisa, shika nukta ya mwisho, isogeze kidogo: mistari yote miwili ikisogea pamoja, imeungana, ukisogea mmoja, umepata ugonjwa.

Kuiweka mtandaoni ni kazi ya mchana mmoja. Faili tupu zisizo na hifadhidata zinakubalika GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi tovuti, bila malipo, mradi tovuti isizidi gigabaiti moja na faili moja isizidi megabaiti 100. Ramani inayofanya kazi kwenye kompyuta ya Windows ikikataa ikiwa huko, tazama herufi kubwa na ndogo kwanza. Windows haitofautishi Viwanja.geojson na viwanja.geojson, seva za Linux zinatofautisha. Kisha tazama anwani zinazoanza na mkwaju: tovuti yako iko ndani ya folda ndogo, na mkwaju unakipeleka kivinjari kwenye mzizi ambako faili haipo. Kila kitu kiitwe kwa https, maana kivinjari huzuia kilichoitwa kwa http ndani ya ukurasa salama, na kitufe cha kuonyesha mahali msomaji alipo hakifanyi kazi bila https. Anayetumia seva yake na cheti cha https cha Let's Encrypt akumbuke kuwa cheti hudumu siku 90. Asipoweka upyaishaji wa kujiendesha, miezi mitatu baada ya uzinduzi wageni watakutana na onyo jekundu, wadhani tovuti imevamiwa.

Data ipakuliwe upya kila wiki kwa ratiba ya kujiendesha, lakini programu isifute faili ya zamani kabla ya kuihakiki mpya. Mtandao ukikatika katikati, faili mpya inakuwa tupu, na ramani inabaki bila nukta hadi mtu apige simu. Linganisha idadi ya mistari: ikipungua kwa zaidi ya asilimia tano, acha ya zamani na utume taarifa kwa msimamizi. Ukikuta kosa kwenye data, lirekebishe kwenye chanzo, OurAirports au OpenStreetMap. Ukilitengeneza kwenye faili yako tu, wiki ijayo litarudi. Safu ya scheduled_service inayosema kama uwanja una safari za ratiba isiwe ndiyo ahadi kwa mteja. Mashirika hubadilisha safari zake kwa misimu. Na mahali panapoonekana paandikwe kuwa ramani haifai kuongozea ndege, kwa sababu taarifa za marubani hurekebishwa kwa mzunguko wa siku 28 na ramani ya hoteli haiwezi kuufuata.

Kwa ofisi zinazoagiza ramani hizi, mkataba utaje faili ya data iliyochujwa pamoja na programu iliyoichuja, msimbo wa ukurasa, jina la domeni lililosajiliwa kwa jina la ofisi, na mtu wa kupokea masahihisho kwa simu au WhatsApp, maana manahodha wa boti ndio wanaojua kwanza jeti ikifungwa kwa matengenezo. Vyote vikabidhiwe pamoja na nywila zake kabla ya malipo ya mwisho, na mtu wa ofisi aifungue ramani kwa simu yake mwenyewe akiwa Mokowe, akiwa Manda na akiwa Faza, ndipo atie sahihi.

Mtengenezaji wa ramani za mtandaoni,
Malindi